Baada ya Neno "Alistaafu"

Msharika aliyehudhuria mazishi mengi anajua jinsi wasifu wa marehemu unavyokwenda. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, ndoa, watoto, kazi. Kama marehemu alikuwa mwalimu, orodha ya vituo alivyofundisha huwa ndefu, na kijana aliyepewa karatasi asome hujitahidi asikosee jina la shule wala mwaka wa uhamisho. Kisha huja sentensi fupi: alistaafu mwaka fulani. Na sentensi inayofuata, mara nyingi, ni hii: marehemu alianza kusumbuliwa na presha, au sukari, au miguu. Kati ya sentensi hizo mbili panaweza kuwa na miaka 15, hata 25. Miaka hiyo haina mstari.

Sisi tunaoongoza ibada hizo tunalisikia pengo hilo kila mara, na kwa maoni yetu si pengo la uandishi tu. Kanisa letu linafundisha kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo yake. Watoto wa kipaimara wanalijua hilo kabla ya kulijua jambo lingine lolote kuhusu Ulutheri. Lakini siku tunapomwaga mwenzetu, mbele ya jeneza, tunasoma matendo; na matendo yanapokoma, kalamu nayo inakoma. Basi mzee aliyeishi miaka 20 bila cheo, bila darasa, bila hata uenyekiti wa kamati ya ujenzi, alikuwa nani katika miaka hiyo?

Tungependa kulifikiri swali hili kwa kumkumbuka mwalimu mmoja ambaye maisha yake yako hadharani, Profesa John Mbiti. Hakuwa Mlutheri. Alikulia katika Kanisa la Africa Inland huko Ukambani, akabarikiwa kuwa kasisi katika Kanisa la Uingereza, na baadaye akachunga usharika wa Kanisa la Reformed nchini Uswisi, lile la mapokeo ya Zwingli na Calvin. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mchungaji wa Kiafrika wa kizazi chetu aliyesoma theolojia bila kukutana naye. Tena yeye mwenyewe alifundisha juu ya kukumbukwa. Wapo wachache waliolifikiri jambo hilo kwa bidii kuliko yeye.

Historia yake kwa ufupi ni hii. Alizaliwa Kitui, Kenya, tarehe 30 Novemba 1931, katika familia ya wakulima. Alisoma Alliance High School, kisha Makerere, kisha Marekani, na mwaka 1963 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Kuanzia 1964 hadi 1974 alifundisha Makerere. Kisha akaongoza taasisi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Bossey, karibu na Geneva, hadi 1980. Baada ya hapo alikuwa mchungaji katika mji wa Burgdorf kwa miaka 15, huku akifundisha Chuo Kikuu cha Bern hadi 2003. Alifariki Oktoba 2019, akiwa na miaka 87.

Huo ndio wasifu wa kawaida, na msomaji ameona jinsi tulivyoruka kutoka 2003 hadi 2019. Tutarudi hapo.

Kwanza tuseme alikuwa mwalimu wa namna gani. Wakati ule wasomi wengi waliziona imani za wazee wetu kuwa ushirikina tu, usiostahili kalamu. Mbiti alikusanya habari za jinsi makabila karibu 300 ya Afrika yalivyomtaja na kumwomba Mungu, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambacho kilitokana na mihadhara yake darasani. Jambo hili la mwisho tusilipite haraka. Kitabu kinachosomwa duniani kote kilianza kama maandalizi ya somo, kazi ya mtu aliyejua kwamba kesho asubuhi wanafunzi watakuwa wameketi wakimsubiri.

Alikuwa pia na ucheshi unaochoma. Katika makala moja alisimulia habari za Mwafrika aliyekwenda ng'ambo kusomea theolojia. Akajifunza lugha zote zinazotakiwa, akasoma wakubwa wote, akarudi nyumbani na mizigo ya vitabu iliyozidi kipimo cha ndege. Kijiji kikamfanyia sherehe. Katikati ya sherehe dada yake akaanguka, amepandwa na pepo. Watu wote wakamgeukia msomi wao, na yeye hakuwa na la kufanya ila kukumbuka kwamba, kwa mujibu wa Bultmann, mambo ya mapepo yameshapita na wakati. Sisi tunaofundisha katika vyuo vya theolojia tunaisoma hadithi hiyo tukicheka, kisha kicheko kinakatika, maana inatuhusu.

Sasa tuje kwenye fundisho lake juu ya kukumbukwa. Ili kulieleza alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayapeleka katika vitabu vya Kiingereza, na leo wanafunzi wa nchi nyingi wanayatamka kama istilahi za falsafa. Sasa, kwa maelezo yake, si dakika hii tu. Ni wakati wote ambao watu walio hai wanaugusa: leo, miezi michache ijayo, na mambo ya nyuma ambayo bado yupo mtu anayeyakumbuka kwa kuwa aliyaona. Zamani ni kama bahari kubwa ambamo kila kitu huishia kuzama. Mtu akifa hazami mara moja. Maadamu wapo watu waliomjua, wanaomtaja kwa jina lake, bado yumo katika Sasa. Mbiti aliwaita watu hao wafu walio hai. Mtu wa mwisho aliyemjua akifa, ndipo marehemu anapoondoka kabisa katika Sasa. Hilo huchukua vizazi vinne au vitano hivi.

Kwa hiyo aliwatetea wazee waliomwaga pombe kidogo chini au kuweka tonge kando kabla ya kula. Wageni waliandika kwamba Waafrika wanaabudu mizimu. Mbiti alijibu kwamba mengi ya hayo hayakuwa ibada bali ukumbusho, namna ya kusema kwamba fulani bado ni wa kwetu. Walutheri tuna haki ya kuuliza maswali hapa, maana mpaka kati ya kumkumbuka marehemu na kumwomba si wa kuchezewa. Lakini kila mmoja wetu anaweza kulipima fundisho lake akiwa ameketi barazani kwake. Tutaje jina la babu. Tutaje la baba yake babu. Tutaje la mama yake huyo. Wengi wetu tunaishia hapo au kabla ya hapo, tena bila picha wala hadithi, jina tupu. Mhubiri aliliona hilo mapema: waliotangulia hawakumbukwi, na watakaokuja nao hawatakumbukwa na watakaofuata baada yao.

Hili ndilo linalofanya maisha marefu ya mwalimu yawe magumu kukumbukwa. Kazi ya seremala huonekana: mlango upo, na benchi la kanisani lipo. Kazi ya mwalimu huingia ndani ya watu wengine na kupoteza jina lake humo. Mtu anasoma somo madhabahuni vizuri, anapumua penye mkato na kusimama penye nukta. Aliyemfundisha hatajwi, na msomaji mwenyewe hamkumbuki tena. Luther alilitambua jambo hili. Mwaka 1530, akiwahimiza wahubiri wawahimize wazazi kuwapeleka watoto shule, alisema kwamba mwalimu mwaminifu hakuna fedha inayotosha kumlipa, na kwamba yeye mwenyewe kama angelazimika kuiacha mimbari, angependa kuwa mwalimu wa shule.

Mafundisho ya Mbiti yalipingwa pia, na kumkumbuka vizuri kunadai tuliseme hilo. Alidai kwamba katika fikra za asili za Kiafrika wakati ujao wa mbali haukuwepo: watu waliwaza miezi, mwaka, labda miaka miwili mbele, basi. Ushahidi wake mkubwa ulitoka katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa kuonyesha kwamba lugha ya Waakan haisemi hivyo. Okot p'Bitek wa Uganda alikuwa mkali zaidi, akimhesabu pamoja na wasomi wanaoivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Hata sisi tunaosema Kiswahili tuna la kuongeza. Ile "-ta-" yetu haina kipimo: "atakuja" ni jioni ya leo, na "atakuja" ni siku ya kiama, kitenzi ni kilekile. Wazee wetu waliohesabu kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo walikuwa na macho ya kutazama mbele. Tunadhani hapo Mbiti alilivuta jambo kupita lilivyoweza kufika.

Je, inafaa kuyasema hayo juu ya marehemu, katika kitabu cha kanisa? Mila yetu inasema marehemu hasemwi. Lakini Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 21, linatufundisha kuwakumbuka watakatifu ili imani yetu iimarike. Na Filipo Melanchthon, alipoutetea ungamo huo mwaka 1531, alieleza heshima tatu tunazowapa. Ya kwanza ni kumshukuru Mungu kwa ajili yao. Ya tatu ni kufuata mfano wa imani yao, na matendo yao kadiri ya wito wa kila mmoja. Ya pili ndiyo inayosahauliwa: tukiona jinsi Petro alivyosamehewa baada ya kumkana Bwana, sisi nasi tunapata ujasiri wa kuamini kwamba neema ni kubwa kuliko dhambi. Tafakari hapo. Mtu akimfuta Petro kosa lake ili amheshimu, ameiondoa faraja yenyewe. Kubishaniwa kitabuni si dhambi, na hatumfananishi Mbiti na Petro uani kwa kuhani mkuu. Ila tabia ya kumsafisha marehemu hadi asiwe na doa inatokana na hofu ileile: kwamba akionekana na upungufu, thamani yake itashuka. Melanchthon, ambaye naye alikuwa mwalimu, aliyefundisha Wittenberg tangu 1518 hadi kufa kwake 1560 na hakupata kuwekewa mikono kuwa mchungaji, hakuiona thamani ya mtu ikikaa mahali hapo.

Turudi kwenye pengo, yaani 2003 hadi 2019.

Mwaka 2014 ilichapishwa nchini Kenya tafsiri mpya ya Agano Jipya kwa Kikamba, iliyofanywa na John Mbiti peke yake kutoka Kiyunani. Wakamba walikuwa tayari na Biblia iliyoandaliwa enzi za wamisionari. Lakini mtu aliyelijua Agano Jipya kwa Kiyunani, na aliyelelewa na mama anayesema Kikamba, aliona mahali pengi ambapo lile la kwanza halikufikishwa vizuri katika lile la pili. Akaketi Uswisi, mbali na Kitui, akapitia vitabu 27, sura 260. Alikuwa amepita miaka 80 kitabu kilipotoka. Ni vizuri kujua pia kwamba mwaka 1954, akiwa kijana, alichapisha kitabu cha hadithi kwa Kikamba kiitwacho Mutunga na Ngewa Yake. Kati ya kitabu kile na Agano Jipya hili kuna miaka 60. Humo katikati ndimo mlimo Cambridge, Makerere, Bossey, Bern na umaarufu wote, na kumbe lugha ya nyumbani ilikuwa ikimngoja wakati wote huo. Sisi kazi hii ya uzeeni inatugusa kuliko kile kitabu maarufu. Mtu aliyeandika kwamba kila jina huishia kuzama katika Zamani alitumia nguvu za mwisho kwa maneno yatakayosomwa na watu wasioangalia nani aliyatafsiri. Msomaji wa Biblia haulizi jina la mtafsiri. Wewe unayesoma hapa, unawajua waliotafsiri Biblia iliyo mezani kwako?

Hapo msomaji makini ametukamata. Atasema: mlilalamika kwamba wasifu unahesabu matendo, na sasa pengo mmelijaza kwa tendo lingine, tena kubwa kuliko yote. Ni kweli, mfano wa Mbiti peke yake hautoshi, na ukitumiwa vibaya utawaumiza wazee wetu. Wapo walimu wastaafu katika sharika zetu ambao hawatafsiri chochote. Wengine macho yamekwisha. Wengine wamefikia hali ile ngumu kuliko zote kwa mtu aliyeishi kwa akili yake: wanasahau. Mzee aliyefundisha hisabati miaka 35 anamwuliza binti yake mara nne kwa asubuhi moja kama chai imekwishanywewa. Huyo hatuwezi kumkumbuka kwa anachofanya, na yeye naye hatukumbuki sisi. Kwa lugha ya Mbiti, ametoka katika Sasa ya watu kabla hajafa.

Hapa ndipo inabidi tumwache mwalimu wetu njiani kidogo, ingawa tunaamini asingekataa kufuatana nasi, maana naye alikuwa mtu wa Agano Jipya. Kama mtu anakuwapo kwa sababu watu wanamkumbuka, basi uhai wake unaning'inia kwenye kumbukumbu zetu, na kumbukumbu zetu ni kamba iliyochakaa. Isaya anakubali kwamba hata mama mwenye mtoto anyonyaye anaweza kusahau. Halafu anasema habari nyingine juu ya Mungu, ambaye amewachora watu wake katika viganja vyake. Na yule mhalifu msalabani, ambaye wasifu wake usingesomeka mbele ya watu, hakuwa na tendo hata moja la kutaja. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba akumbukwe, na akamwomba aliyeweza.

Katika wasifu wetu mstari unaohusu jambo hilo upo siku zote, nao ndio unaosomwa haraka kuliko yote: alibatizwa. Kwa kawaida hutajwa tarehe na jina la mchungaji, kisha msomaji anakimbilia shule. Lakini huo ndio mstari pekee katika karatasi nzima ambao marehemu hakufanya chochote ndani yake. Alibebwa. Wengi wetu tulikuwa tunalia au tumelala. Jina lake lilitajwa pamoja na jina la Mungu wa Utatu, na hilo halikuandikwa kuwa na mwisho, wala halikusema "hadi atakapostaafu". Luther katika Katekisimo Ndogo anaueleza ubatizo kuwa jambo la kila siku, mtu wa kale akizamishwa na mtu mpya akiinuka. Kila siku, maana yake ni pamoja na siku ya mzee anayeuliza habari za chai. Miaka 20 isiyo na mstari wake yenyewe imo ndani ya mstari ule wa mwanzo, hata kama hakuna anayejua kilichotokea humo.

Tungetamani wanaoandika wasifu katika sharika zetu wasimame kidogo wanapofika kwenye neno "alistaafu". Si kwa kutafuta sifa za kujazia. Waandike kile kilichokuwapo: alikaa kibarazani, alimfundisha mjukuu kuandika herufi kwa kijiti mchangani, alikuja ibadani alipoweza na alipoacha kuweza alipelekewa Chakula cha Bwana nyumbani. Na kama miaka ile ilikuwa ya upweke, lisemwe hilo pia kwa upole, hata kama baadhi yetu tuliokaa kwenye viti vya mbele tutainamisha vichwa.

Kwa walio hai bado, kuna jambo dogo la kufanya, nalo halihitaji kikao wala bajeti. Mwalimu mzee mara nyingi hutembelewa na mwanafunzi wake wa zamani anapohitaji barua ya utambulisho au mchango wa harusi. Tungependa atembelewe bila shida. Asipewe kazi ya kutoa nasaha. Wengine hawapendi, na wengine wakipewa nafasi hiyo hawamalizi. Ukiketi naye, mwulize ni nani aliyemfundisha yeye kusoma. Tumeona kwamba hata mzee aliyesahau mengi, jina hilo analo. Analitaja polepole, pamoja na shule ya udongo iliyokwisha kubomoka, na fimbo, na wimbo wa asubuhi. Uliandike jina hilo mahali, na siku ya wasifu wake lisomwe pamoja na lake.